Kipepeo hagongi muhuri mpakani

KATIKA nyua nyingi za Afrika Mashariki, kuanzia Bujumbura hadi Mombasa, kuna mdimu au mlimau mmoja unaosimama karibu na jiko. Ndimu zake hukamuliwa juu ya samaki na kachumbari. Mara kadhaa kwa mwaka, hasa mvua zinapoanza, mwenye nyumba hukuta juu ya jani changa kitu kinachofanana kabisa na kinyesi cha ndege. Kitu hicho kinakula. Baada ya siku chache kinanenepa na kugeuka kijani, na kikiguswa kinachomoza pembe mbili za rangi ya machungwa nyuma ya kichwa, zenye harufu kali.

Hapo uamuzi hufanyika. Wengi huchukua bomba la dawa, maji ya sabuni au kijiti cha kumwangusha. Wachache huchukua simu na kumpiga picha.

Kiwavi huyo ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, ambaye wanasayansi humwita Papilio demodocus. Ni mmoja wa vipepeo wanaoonekana kwa urahisi katika bustani za ukanda huu, kwa sababu mama hutaga mayai yake kwenye miti ya jamii ya machungwa, na miti hiyo watu wameipanda kila mahali. Kipepeo huyo hajui kama yuko upande wa Mutukula wa Uganda au wa Tanzania. Akitaka kuvuka Rusumo au Kobero, havuki kwa foleni.

Kadiri simu zenye kamera nzuri zinavyoenea, idadi ya watu wanaopiga picha za wadudu, ndege na mijusi ya nyumbani kwao inaongezeka. Wengi huzipiga kwa kupenda uzuri wake tu. Lakini picha ya kipepeo wa uani, ikiwa na tarehe na mahali, ni zaidi ya pambo. Ni ushahidi kwamba kiumbe fulani alikuwa mahali fulani siku fulani, na ushahidi wa namna hiyo ni haba katika nchi ambazo zina utajiri mkubwa wa vipepeo. Uganda peke yake ina aina zaidi ya 1,200 za vipepeo. Kenya ina karibu 900. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuwahusu imetoka katika misitu na hifadhi. Kuhusu wanaoishi kati ya banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo, habari ni chache.

Bustani ya nyumbani kama maabara

Mfano mashuhuri wa kile ambacho bustani moja inaweza kufundisha umetoka Uingereza, lakini mizizi yake inapita Kampala. Katika miaka ya 1960, mwanabiolojia Denis Owen alikuwa akifundisha Makerere, na aliishi Uganda na mkewe Jennifer, naye mwanabiolojia. Vipepeo wa Kampala walikuwa sehemu ya kazi ya Denis, ambaye mwaka 1971 alichapisha kitabu kuhusu vipepeo wa nchi za joto.

Waliporejea Uingereza walikaa Leicester, katika nyumba ya kawaida ya mjini. Kuanzia mwaka 1972, Jennifer Owen aliandika kila kiumbe alichoweza kukitambua katika bustani yake, yenye ukubwa wa mita za mraba 741, yaani chini ya robo ya eka. Aliendelea kwa miaka 30. Mwishoni alikuwa ameorodhesha aina 2,673 za mimea na wanyama, na kati ya hizo 1,997 zilikuwa wadudu. Haikuwa bustani ya maonyesho. Ilikuwa na mboga, maua, majani na mahali pa kupita.

Hiyo ni Leicester, mji wa baridi ambako kwa miezi kadhaa ya mwaka vipepeo hawaruki. Kiwanja cha ukubwa huohuo huko Entebbe, Huye, Gitega au Arusha hakina majira ya theluji. Kina mvua, na kila mvua inaleta kizazi kipya.

Tofauti nyingine ni ya nyakati. Mwanzoni mwa karne iliyopita, daktari Mwingereza Hale Carpenter, aliyetumwa kushughulikia ugonjwa wa malale katika visiwa vya Ziwa Victoria, alikusanya vipepeo kwa wingi na kuwapeleka Oxford. Kazi hiyo ilisaidia dunia kuelewa jinsi kipepeo mmoja anavyojifananisha na mwingine. Lakini ili kuthibitisha alichokiona, ilibidi mdudu afe, achomwe pini na kusafirishwa kwa meli. Leo ushahidi wa aina hiyo unaweza kuhifadhiwa kwa picha tatu nzuri, na kipepeo akaendelea na safari yake.

Madoa matatu au manne

Kwa anayeanza, kipepeo mzuri wa kujifunzia ni yule wa rangi ya machungwa iliyoiva anayeruka polepole, kana kwamba hana anayemwogopa. Kweli hana sababu kubwa ya kuogopa. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na sumu ya mimea hiyo hubaki mwilini mwake hata akiwa mkubwa. Ndege akimuonja mara moja, hatarudia. Jina lake la kisayansi ni Danaus chrysippus.

Yuko karibu katika kila nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ila havai vazi moja. Katika sehemu kavu za Kenya na kuelekea Somalia wengi wana mabawa ya rangi ya machungwa matupu, bila ncha nyeusi. Kuelekea magharibi, Uganda na kuendelea, wapo wenye ncha nyeusi iliyokatwa na ukanda mweupe, na bawa la nyuma lenye weupe mkubwa. Kusini kuna wenye ncha nyeusi lakini bawa la nyuma halina weupe huo. Afrika Mashariki ndipo mavazi hayo yote yanapokutana na kuchanganyika. Kwa hiyo mtu wa Nairobi, Kampala au Kigali anaweza kukuta aina mbili au tatu katika bustani moja ndani ya mwaka mmoja, na uwiano wake ukabadilika kati ya kiangazi na masika.

Picha moja iliyopigwa vizuri inaonyesha jambo la pili. Katikati ya bawa la nyuma kuna madoa madogo meusi. Jike ana matatu. Dume ana la nne, ambalo ni kifuko cha harufu anachokitumia wakati wa kuchumbia. Kuhesabu madoa hayo si mchezo wa watoto. Tangu miaka ya 1960 watafiti waliona kwamba Kampala majike walikuwa wengi kupita kiasi, na mwaka 2000 ikachapishwa sababu: bakteria anayeishi ndani ya majike na kuua watoto wa kiume wakiwa bado katika yai. Hali hiyo imechunguzwa pia katika eneo la Nairobi. Mtu mwenye simu, anayepiga kila Danaus anayetua uani kwake na kuandika "matatu" au "manne", anahesabu kitu kilekile ambacho wataalamu wamekihesabu kwa miongo.

Ipo mitego. Kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus, ana jike anayevaa nguo za Danaus ili ndege wamwogope, ingawa yeye hana sumu. Hata wale wasio na ncha nyeusi amewaiga. Jicho la kawaida linadanganyika, lakini picha haidanganyiki: jike huyo ana doa moja tu jeusi, karibu na ukingo wa juu wa bawa la nyuma. Dume wake hafanani naye hata kidogo. Ni mweusi, na kila bawa lina duara jeupe lililozungukwa na rangi ya zambarau inayong'aa. Wengi wamewapiga picha wawili hao uani bila kujua kwamba ni mke na mume.

Namna ya kupiga

Kamera ya bei kubwa si sharti. Simu ya kawaida inatosha, mradi mpigapicha afahamu tabia za anayempiga.

Saa ni jambo la kwanza. Kipepeo hana joto lake mwenyewe la kutosha, hivyo asubuhi hulazimika kukaa juani akiwa ametandaza mabawa mpaka misuli ipate moto. Kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi hutulia kuliko mchana, na jua bado halijawa kali kiasi cha kufuta rangi. Ifikapo saa 6 anaruka bila kutulia, na kivuli cha mpigapicha huangukia juu ya ua.

Kivuli ndicho kinachowafukuza wengi. Kipepeo huona vizuri kitu kinachosogea juu yake. Anayemkaribia ashuke chini hadi usawa wa ua, asogee polepole bila kusimama ghafla, na jua liwe nyuma au ubavuni mwake kwa namna ambayo kivuli hakimgusi mdudu. Picha ya kwanza ipigwe mapema, hata kama bado yuko mbali. Ikiharibika, angalau kuna kumbukumbu. Baada ya hapo ndipo pa kusogea hatua kwa hatua.

Kuvuta picha kwa vidole kwenye kioo hakusaidii katika simu nyingi, kwa sababu simu hukuza ukungu pamoja na mdudu. Ni bora kusogea, kisha kukata picha baadaye. Kabla ya yote, lenzi ifutwe kwa kitambaa laini. Simu inayokaa mfukoni na jikoni hupata mafuta, na picha nyingi zinazolaumiwa kuwa na ukungu zina alama ya kidole tu.

Picha tatu zinahitajika kwa kila kipepeo: upande wa juu wa mabawa, upande wa chini akiwa ameyafunga, na mmea aliotua. Upande wa chini hupuuzwa, ilhali kwa aina nyingi ndio unaotenganisha ndugu wawili wanaofanana. Mmea nao unasema mengi. Kipepeo anayekunywa utamu wa ua anaweza kuwa mpita njia, lakini anayetaga yai juu ya jani ameonyesha chakula cha watoto wake.

Hao wasiojali maua nao wana dawa yao. Vipepeo wakubwa wenye mwendo wa kasi wa jamii ya Charaxes, ambao wengi wana mikia miwili kwenye bawa la nyuma, hupenda matunda yaliyochacha na hata kinyesi. Ndizi mbivu zilizooza, zikinyunyiziwa pombe kidogo ya ndizi na kuwekwa kwenye sahani juu ya kigingi, huwashusha kutoka kwenye vilele vya miti. Wakishaanza kunywa, hukaa kwa muda mrefu. Udongo uliolowa nao huvuta madume, wanaofyonza chumvi. Beseni la mchanga na maji kidogo linafaa, ila maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili, yasije yakazalisha mbu.

Kuna hila ambazo hazifai. Baadhi ya watu humweka kipepeo kwenye jokofu ili atulie, au humshika mabawa na kumpanga juu ya ua. Vumbi linalobaki kwenye vidole ni magamba ya mabawa, na hayaoti tena. Picha ya namna hiyo pia imepoteza ukweli wake, maana haionyeshi tena mdudu alikuwa wapi na akifanya nini.

Wageni wa usiku

Bustani haifungwi jua linapozama. Taa ya barazani huvuta nondo, na nondo huvuta mjusi kafiri, chura na popo. Shuka jeupe likitundikwa ukutani na taa ikaelekezwa hapo, kwa saa moja hupatikana wadudu wengi kuliko wanaoonekana mchana kutwa.

Miongoni mwao wamo nondo wenye mwili mnene na mabawa membamba, ambao huelea mbele ya ua kama chozi bila kutua. Ni wageni wa kuheshimiwa. Mwaka 2009, watafiti Dino Martins na Steven Johnson walichapisha matokeo ya kazi yao nchini Kenya iliyoonyesha kwamba nondo wa jamii hiyo ndio wachavushaji muhimu wa mipapai, na kwamba ubora wa uoto wa asili ulio karibu na shamba una athari katika kazi yao. Mpapai dume na mpapai jike mara nyingi ni miti miwili tofauti. Bila mbebaji wa chavua, jike hutoa maua yanayoanguka, na mwenye nyumba hulaumu mbegu.

Ukweli una upande wa pili. Viwavi wa baadhi ya nondo hao hula matembele. Anayelima viazi vitamu hawezi kuambiwa awapende bila masharti. Lakini akiwa na picha, angalau anajua anagombana na nani. Tofauti hiyo ilionekana wazi pale viwavijeshi vamizi kutoka bara la Amerika walipoingia Afrika mwaka 2016 na kusambaa Afrika Mashariki mwaka 2017. Kiwavi huyo anafahamika kwa alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyopangwa kama mraba karibu na mkia. Picha mbili, moja ya kichwa na moja ya mkia, zinatosha kumwezesha ofisa ugani kutoa jibu kabla mkulima hajamwaga dawa juu ya kiwavi asiye na hatia, au kabla hajamwacha mwenye hatia amalize mahindi.

Kwa kinyonga, kamera imekuwa mlinzi. Katika jamii nyingi za ukanda huu kinyonga huogopwa na kupigwa mawe, ingawa hana sumu na chakula chake ni nzi na panzi. Mtoto aliyempiga picha jicho moja likitazama mbele na lingine nyuma hawi mwepesi wa kuokota jiwe.

Tahadhari hata hivyo ni lazima. Viwavi wenye manyoya wasiguswe. Mdudu mdogo mwenye mikanda myekundu na myeusi, anayejulikana kama nzi wa Nairobi ingawa si nzi bali ni mende, asipondwe juu ya ngozi, kwani maji yake huunguza. Nyoka apigwe picha kutoka mbali au asipigwe kabisa.

Fyekeo, dawa na usafi

Kikwazo kikubwa kwa wapiga picha wa bustani hakiko kwenye simu. Kiko kwenye fyekeo.

Uwanja uliofagiliwa hadi udongo mwekundu ukang'aa ni heshima ya nyumba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Nchini Rwanda, Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi wananchi hutoka kwa umuganda, na kufyeka vichaka ni miongoni mwa kazi zinazofanywa. Maofisa afya wa nchi zote wanahimiza majani marefu yakatwe karibu na nyumba, na wana sababu: nyoka, panya na maji yaliyotuama. Hakuna anayesema nyumba izungukwe na pori ili kipepeo apate pa kulala.

Kinachowezekana ni kugawa. Mita mbili za uzio wa nyuma, mbali na madirisha, zikiachwa na majani yake ya asili zinatosha kubadilisha orodha ya wageni. Kila aina ina mmea wake. Mdimu na mchungwa ni wa Papilio. Mstafeli hulisha vipepeo wa jamii ya Graphium. Mkarakara, unaoitwa pia mpesheni, hulisha vipepeo wadogo wekundu wa jamii ya Acraea. Miti ya jamii ya Cassia na Senna, ile ya maua ya manjano inayopandwa kandokando ya barabara, hulisha Catopsilia, kipepeo wa rangi ya maziwa au manjano anayehama kwa makundi. Mmea wa utomvu mweupe, ambao wengi hung'oa kwa kudhani hauna kazi, ni wa Danaus.

Lantana inahitaji neno lake. Maua yake huvuta vipepeo kuliko mengi mengine, na picha nyingi nzuri za bustani zimepigwa juu yake. Lakini ni mgeni kutoka Amerika, majani yake ni sumu kwa mifugo, na akiachiwa huvamia malisho na kingo za misitu. Aliye naye tayari anaweza kumkata kabla hajazaa matunda, maana ndege hubeba mbegu. Asiye naye hana sababu ya kumpanda.

Kuhusu dawa, hesabu ya mdimu ni rahisi. Mche mchanga unaweza kumalizwa majani na viwavi wachache, na mwenye nao ana haki ya kuulinda. Mti mkubwa hautakufa kwa sababu ya viwavi kumi. Badala ya kupulizia, viwavi wanaweza kuhamishwa pamoja na jani kutoka kwenye mche hadi kwenye mti uliokomaa. Dawa inayopuliziwa mchana juu ya maua haichagui. Humuua kiwavi, nyuki aliyekuja kuchavusha, na buibui ambaye angekula wadudu wengine bila malipo.

Picha inapovuka mpaka

Picha ikibaki kwenye simu, simu ikiibwa imekwisha. Programu ya iNaturalist, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2008, inaruhusu mtu yeyote kuweka picha yenye tarehe na mahali, kisha watu wengine wakasaidia kutaja jina. Rekodi zilizothibitishwa hupelekwa katika hazina ya takwimu za viumbe ya dunia, GBIF, ambako mtafiti wa Makerere, Dodoma au Butare anaweza kuzichukua bila kununua tiketi ya ndege kwenda kwenye makabati ya Ulaya. Wazo hilo si geni kwa ukanda huu. Chama cha wapenda viumbe wa Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1909, na Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa na kazi za kuchora ramani za ndege kwa kutegemea taarifa za wananchi.

Nguvu ya picha ya mwananchi ilionekana wakati wa nzige. Februari 2020 makundi ya nzige wa jangwani yalivuka kutoka Kenya na kuingia Uganda. Mwaka huohuo Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa programu ya simu, eLocust3m, iliyomwezesha mtu wa kawaida kupiga picha ya nzige na kutuma pamoja na mahali alipowaona. Nzige hawakusubiri mawasiliano rasmi kati ya wizara. Picha nazo hazikusubiri.

Vipepeo pia husafiri, ingawa hawaletei mtu njaa. Weupe wa jamii ya Belenois hupita kwa maelfu katika sehemu za Kenya na Tanzania baada ya mvua. Kipepeo Vanessa cardui, anayepatikana katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ni wa aina ambayo imethibitika kuvuka Jangwa la Sahara kati ya Ulaya na Afrika. Njia za safari hizi ndani ya ukanda haziwezi kufuatwa na nchi moja. Aliyeko Moshi anaona waliopita Jumatatu. Aliyeko Taita ndiye anayejua walifika Jumatano.

Anayeweka picha hadharani azingatie usalama wake. Simu nyingi huandika mahali halisi ndani ya picha, na bustani ni nyumbani kwa mtu. iNaturalist ina chaguo la kuficha mahali halisi na kuonyesha eneo pana. Vilevile, kamera inayochungulia juu ya ukuta wa jirani huzua maswali, hata kama kilicholengwa ni chozi aliyetua kwenye ua. Salamu na maelezo mafupi vitangulie. Walio karibu na kambi za jeshi au majengo nyeti wanajua hali ilivyo, na wabaki ndani ya uzio wao.

Liko pia suala la mkate. Gede, katika pwani ya Kenya, mradi wa Kipepeo umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke tangu mwaka 1993 kufuga vipepeo na kuuza pupa kwa maonyesho ya ng'ambo. Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki, wanavijiji wa Tanzania walifanya hivyohivyo, mpaka Machi 2016 serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi na wafugaji hao wakapoteza soko. Kazi ni moja, lakini sheria ni mbili. Pete, karibu na Jozani huko Unguja, wamejenga pia njia nyingine: mgeni analipa kuingia kwenye bustani ya vipepeo, anapiga picha na kuondoka nazo. Picha haihitaji kibali cha kusafirishwa.

Kuna pengo moja ambalo pesa haiwezi kuziba. Kinyarwanda na Kirundi humwita mdudu huyu ikinyugunyugu, Kiganda ekiwojjolo, Kiswahili kipepeo. Lakini kwa mtu wa mjini majina ya aina moja moja karibu hayapo, na aliyeko Bujumbura akitaka kumweleza wa Mombasa alichokiona, hulazimika kutumia Kilatini. Bibi na babu vijijini wana baadhi ya majina hayo, hasa ya viwavi wanaokula mazao. Anayempiga picha kiwavi, akimwonyesha mzee na kuandika jina lililotajwa, lugha na kijiji, amehifadhi vitu viwili kwa mara moja.

Daftari la kuanzia halihitaji zaidi ya mistari mitano kwa kila picha: tarehe, saa, mahali, mmea, na mvua ilinyesha lini mara ya mwisho. Mstari huo wa mwisho ndio utakaozungumza baadaye. Mvua za kwanza zikianguka, majani mapya hutoka na mayai hutagwa. Kwa Papilio wa mdimu, kutoka yai hadi kipepeo ni takriban mwezi mmoja na nusu, kutegemea joto. Vuli na masika sasa hazifiki kwa tarehe ambazo wazee walizizoea, na hakuna kituo cha hali ya hewa katika kila kata. Miti ya ndimu, hata hivyo, iko karibu kila kata, na juu ya jani changa kuna anayejua kwamba mvua imefika.